Maji Yasiyokanyagwa

Sura ya Tisa

Mlango wa Bibi Koulsoum ulifunguka kiasi cha jicho moja.

"Mimi ni Inspekta Hasnati, nimetoka Nosy Be," alisema mgeni kwa Kikomoro, lugha ya mama yake. "Nimekuja kwa ajili ya mjukuu wako, Daoudou."

"Sina mjukuu," sauti ya ndani ilijibu. Mlango ukafungwa, na komeo likalia.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, na jua la Mahajanga lilikuwa limekwisha kuwa kali. Mtaa wa Tanambao ulikuwa umeacha shughuli zake ili umtazame. Hasnati aliwageukia, akawaamkia kwa Kimalagasi, "Mbola tsara." Hapana aliyeitika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikaanga mikate ya mchele aligeuza mkate wake, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Afadhali waje wanaume, utawajua kwa kofia. Huyu kajitanda mtandio kama sisi, na mkobani ana pingu."

Wakacheka. Hasnati aliwaacha wacheke. Tangu Desemba ile ya mwaka wa sabini na sita, Wakomoro walipofuatwa na kuuawa nyumba kwa nyumba katika mji huu, Tanambao haimfungulii mtu mwenye karatasi ya mhuri. Miaka ishirini imepita na makomeo bado yanalia vilevile.

Naye hakuwa na wakati wa kubembeleza. Jumamosi, katika banda la majaribio la Nosy Be, lile linaloelekeana na kisiwa cha Nosy Sakatia, swichi kubwa ya umeme ilikuwa imepasuka ikamuua Ibouroi, mwangalizi wa pampu, Mungu amrehemu. Siku moja kabla, Ijumaa saa tisa alasiri, mhandisi mkuu alimwona Daoudou, fundi wa kulehemu shaba, akifunua tangi la maji ya kupozea na kumimina kitu kutoka chupa ndogo. Daoudou alipoulizwa ni nini, alifumba mdomo. Alipigwa na jamaa za maiti, akafumba. Akatiwa ndani, akafumba. Mwendesha mashtaka wa Antsiranana alikuwa amekwisha agiza apelekwe kwake kwa boti ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa kosa la kuua. Na kijana akipanda boti ile na kimya chake, Hasnati alijua, atarudi na mvi, kama atarudi.

Alikaa kwenye kizingiti. Alitoa mkobani chupa ndogo ya marashi mawaridi, iliyobaki rangi ya manjano kwenye kitako.

"Bibi Koulsoum," alisema, mdomo karibu na ubao wa mlango. "Chupa yako nimeileta. Ina tone ndani. Kwa kuwa hunifungulii, naiacha hapa chini, penye kukanyagwa."

Komeo lililia mara moja. Mwanamke wa miaka sabini hivi, mwembamba, mrefu, alitoka kama aliyechomwa moto.

"Huna adabu wewe! Mama yako hakukufundisha kitu? Maneno ya Mungu unayaweka chini ya miguu ya watu?"

Kisha akaona. Chupa haikuwa chini. Ilikuwa kiganjani mwa Hasnati, juu ya kitambaa safi.

"Alinifundisha, Bibi," alisema Hasnati. "Nilitaka kujua tu kama ni yako."

Bibi Koulsoum alimtazama kwa chuki tupu. Yule wa mikate alipiga ukelele wa dhihaka, na kibibi akamgeukia: "Na wewe tazama mafuta yako yanaungua!" Akamvuta Hasnati ndani, akafunga.

Chumba kilikuwa na mkeka, rafu ya misahafu na vibao vya watoto wa chuo. Miaka arobaini Bibi huyu alikuwa akifundisha Qur'ani mtaani. Hakumkaribisha mgeni kukaa.

"Kombe," alisema Hasnati.

"Yasini. Niliandika mwenyewe kwa zafarani, kwenye sahani nyeupe, nikaiosha kwa marashi na maji ya mvua. Mtoto anashinda na umeme wa kuua ng'ombe mia. Nimwache hivihivi?"

"Kiasi gani?"

"Kikombe cha kahawa."

"Chumvi ulitia? Ndimu? Dawa yoyote?"

"Mimi si mganga!"

"Nijibu ndiyo au hapana."

"Hapana. Zafarani, marashi, maji ya mvua. Basi."

"Ulimwambia akamwagie mtambo?"

"Nilimwambia anywe. Anywe yote." Bibi Koulsoum alishika rafu. "Yule tangu mdogo hamalizi. Anafika nusu, anakunja uso kama paka aliyelamba ndimu."

"Na nusu iliyobaki?"

"Unaniuliza unachokijua."

"Nataka nikisikie kwako."

"Haimwagwi mguu unapopita. Inamwagwa shinani mwa mti, au kisimani, au baharini. Mtoto wa chuo wa miaka sita anajua."

Hasnati aliliona banda lile akilini mwake. Saruji, mafuta ya mashine, buti. Zamu ikianza lango hufungwa kwa kufuli mpaka jioni, hapana wa kutoka kwenda baharini. Mle ndani palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hapajapata kukanyagwa na mguu wa mtu. Tangi, na maji yake safi kuliko ya mvua.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Bibi Koulsoum. Sauti ilibaki kavu, lakini mkono haukuiachia rafu. "Nimelijua tangu Jumamosi. Wameniambia fundi alimwaga kitu na mtu akafa. Na yeye ananificha. Sasa andika, mwanamke. Andika kwenye karatasi yako Qur'ani imeua mtu Nosy Be, wapate kucheka huko wanakochekea."

"Nitaandika nitakachokiona. Sijaona bado." Hasnati alimpa chupa. "Niandikie jingine. Sura ileile, kipimo kilekile, usizidishe wala usipunguze."

"Nimwandikie polisi?"

"Mwandikie Daoudou."

Kibibi alimpima kwa macho kuanzia mtandio mpaka viatu. Kisha alikwenda uani kutawadha. Aliporudi, maji yanamdondoka viwikoni, alisema, "Na wewe, una udhu?"

"Ninao."

"Tutajua Kiyama." Akashika kalamu yake ya mwanzi, akaanza.

*

Mhandisi Tadjiddine alimpokea mlangoni mwa banda Jumatano saa nne, na hakuondoka mlangoni.

Alikuwa mtu wa hapohapo Nosy Be, aliyesoma Ufaransa miaka saba, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Alipenda kuzungumza Kifaransa na wote, hata na waliomzaa.

"Madamu Inspekta. Nilidhani faili imefungwa."

"Itafungwa kesho saa nne. Nipishe."

Nyuma ya Hasnati alisimama Sajini Hassane, mtu mnene asiye na haraka, amebeba ndoo ya lita ishirini mkono mmoja na spana mkono wa pili. Tadjiddine aliitazama spana, akapisha.

Ndani mlinuka mpira ulioungua. Swichi zilikuwa zimepangwa kwenye fremu kama visahani kwenye kabati, kila moja imebanwa katikati ya mabamba mawili ya shaba. Ya nne kutoka juu haikuwapo. Palikuwa na shimo jeusi, na ukutani mkabala, doa ambalo mtu alikuwa amelisugua asilimalize.

"Nieleze tena," alisema Hasnati. "Kama unavyomweleza mjinga."

"Haitakuwa kazi." Tadjiddine alikunja mikono. "Huko ng'ambo, wataalamu wanatafuta kuwasha moto kama wa jua ndani ya chungu cha sumaku. Sumaku zile hunywa umeme kwa mkupuo mmoja, mwingi kuliko unaotumia mji wa Mahajanga. Umeme huo hupitia swichi kama hizi. Swichi ikiupitisha hupata joto, na isipopozwa, huyeyuka kabla hujamaliza kusema bismillahi. Sisi tunajaribu namna ya kuipoza. Wametuchagua kwa ajili ya joto letu. Kikipoa hapa, kitapoa popote."

"Na maji?"

"Yako mawili. Ya tangi huzunguka ndani ya mabamba ya shaba, yanagusana na umeme wenyewe. Ya bahari hupita nje, yanachukua joto na kulirudisha baharini. Hayakutani, kuna ukuta wa chuma kati yao. Ya tangi lazima yawe matupu, hayana chumvi wala udongo. Maji matupu hayapitishi umeme. Ukiyatia uchafu, umejenga daraja, na umeme utapita ndani ya mipira ya maji mpaka upasue kitu. Ndivyo alivyofanya mhalifu wenu kwa asidi yake."

"Haikuwa asidi. Ilikuwa kombe la Yasini."

Tadjiddine alicheka. Alicheka kwa dhati, kichwa nyuma. "Uganga! Mtu amekufa kwa uganga wa vikongwe! Sasa hiyo nitawaandikia wale wa ng'ambo kwa Kifaransa gani?"

"Kitabu cha Mungu si uganga," alisema Hasnati. "Lete daftari la vipimo."

Daftari lilikuwa mezani. Kila siku mara mbili, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, mhandisi mwenyewe alitakiwa asome mshale wa kipimo cha usafi wa maji na kuandika. Mstari mwekundu wa hatari ulikuwa kwenye kumi. Hasnati alifuatisha kwa kidole.

"Jumatatu, mbili. Jumanne, mbili. Jumatano mbili, Alhamisi mbili. Ijumaa jioni pia mbili. Ni mwandiko wako?"

"Unaona jina."

"Daoudou alimwaga Ijumaa saa tisa. Wewe ulisoma mshale saa kumi na moja, maji yamekwisha zunguka saa mbili nzima. Mbili. Sasa nisaidie, maana mimi ni mjinga. Ama ulisoma kweli, na kombe halikubadilisha kitu, basi Daoudou hana kosa. Ama hukusoma. Chagua."

Pampu zilikuwa kimya na bati la paa lilisikika likitanuka kwa jua. Tadjiddine alichomoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

"Vitu vingine hufanya kazi polepole," alisema.

"Tutaona. Sajini."

Hassane aliweka ndoo, akaijaza maji matupu kutoka pipa lililokuwa bado na lakiri ya kiwandani. Hasnati alitumbukiza kipimo cha mkono. Mshale ulilala kwenye moja. Alitoa chupa ya Bibi Koulsoum na kijiko cha chai.

"Tangi lina lita mia nane," alisema, "naye alimwaga nusu kikombe cha kahawa, vijiko sita hivi. Ndoo hii ni fungu moja la arobaini. Haki yake haifiki hata robo ya kijiko. Mimi natia kijiko kizima, usije ukasema nimekupunja."

Alinong'ona bismillahi, akatia, akakoroga kwa mpini wa kijiko. Wote watatu waliinama. Mshale ulitikisika kama unywele, ukasimama palepale kwenye moja.

"Sasa maji ya tangi, yale tuliyoyateka Jumamosi tukayatia lakiri."

Hassane alileta mtungi wa kioo. Kipimo kilipoingia, mshale uliruka, ukaupita mstari mwekundu, ukaenda kugonga mwisho wa kioo na kubaki hapo.

Tadjiddine alikuwa mwepesi, Hasnati alikiri moyoni. Hakungoja hata kupumua.

"Basi ni kulehemu kwake! Viungo vimevuja, bahari imeingia tangini. Bado ni yeye yule."

"Nilikuwa naisubiri hiyo," alisema Hasnati. "Sajini, mwonyeshe sufuria."

Sajini Hassane alitoa sufuria ndogo kwenye mfuko. "Maji ya tangi hayo, nimeyachemsha mpaka yakakauka," alisema. "Mke wangu amenuna, sufuria yake haitakati. Chumvi ya bahari inaacha ukoko mweupe, hata mtoto wa Sakatia atakwambia. Huu hapa mwekundu. Mimi nyumbani nakunywa ya kisima, birika langu lina ukoko huuhuu."

Hasnati alikuwa amekwisha sogea kwenye ukuta wa nyuma, ambako silinda ya bati isiyo na dirisha ilisimama imefungwa kwa parafujo nane. Ndani yake, alivyoelezwa siku ya kwanza, mlikuwa na chembe za resini, punje ndogo kama mtama, ambazo hukamata kila uchafu unaopita. Maji yote lazima yapite humo. Kuingia na kutoka.

"Fungua."

"Huna kibali cha kugusa mitambo."

"Ninacho cha kugusa chochote kilichomuua mtu. Sajini, spana."

"Nitampigia simu kamishna wako! Unajua nani anakula chakula cha mchana nami? Wewe utarudi kupiga mihuri ya pasi za baiskeli!"

"Simu iko pale," alisema Hasnati.

Tadjiddine hakuiendea. Parafujo zilitoka moja baada ya moja, bila kulia, kwani zilikuwa zimepakwa grisi karibuni. Kifuniko kiliponyanyuka, Hassane aliruka nyuma akijikung'uta mkono.

Silinda ilikuwa kavu. Punje chache za resini zilikuwa zimebaki pembeni, na juu yake sisimizi wekundu walikuwa wamejenga, wamejaa, kila mmoja anakimbia na yai jeupe mdomoni.

"Pampu zimesimama tangu Jumamosi," alisema Tadjiddine. Sauti ilikuwa imeshuka. "Yamekauka."

"Pampu zikisimama, maji hubaki silindani, yanakwenda wapi? Na sisimizi wote hawa na mayai yao hawakuja kwa siku nne." Aliinama, akafuata mabomba kwa mkono mpaka alipokuta kipande cha mpira mpya kilichounganisha bomba la kuingia na la kutoka, kikiikwepa silinda. "Njia ya mwongo fupi, mhandisi. Yako ni shubiri moja na nusu."

Tadjiddine aliketi juu ya kreti. Shati jeupe lilikuwa limelowa mgongoni.

"Resini ilichoka," alisema, na kwa mara ya kwanza alisahau Kifaransa chake. "Nikaitoa. Mpya imekwama bandarini Mahajanga wiki tatu. Wageni wa ng'ambo walikuwa wanakuja Jumatatu hii. Ulitaka niwaambie nini? Rudini, Waafrika hawako tayari?"

"Na maji yaliyopungua, ulijazia ya kisimani."

"Mara mbili. Tatu. Nilijua yatahimili mpaka Jumatatu."

"Nani mwingine alijua?"

Tadjiddine alijifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha alisema kwa hasira, kama anayedai haki yake: "Ibouroi. Aliniuliza Alhamisi kwa nini silinda haitoi jasho, maana yenye maji hutoa jasho asubuhi. Nikamwambia kazi yake ni pampu, asitie pua. Ningejuaje? Ningejuaje atasimama pale?"

"Ijumaa ulipomwona Daoudou na chupa, ulifurahi," alisema Hasnati.

Tadjiddine alitema mate kwenye saruji, karibu na kiatu cha Inspekta. Hassane alimsimamisha kwa kwapa, naye akasema, "Nani atakuamini, mwanamke? Wewe na kombe lako."

"Mimi si lazima," alisema Hasnati. "Wataamini sufuria ya mke wa sajini."

*

Kituo cha polisi cha Nosy Be kina mahabusu mbili, na moja paa lake huvuja. Daoudou alikuwa katika ile isiyovuja. Alikaa chini, jicho la kushoto limevimba tangu kipigo cha Jumamosi. Alipomwona Hasnati na ufunguo, hakuinuka.

"Toka. Ni Tadjiddine. Ameandika na kutia saini."

"Nani kakwambia habari za chupa?" aliuliza Daoudou.

"Pua yangu. Zafarani na marashi. Kisha nikaenda Tanambao."

Hapo aliinuka, na Hasnati alirudi hatua moja, kwani kijana alikuwa na mikono ya kupinda shaba.

"Kwa Koko?" Ndivyo alivyomwita bibi yake. "Umekwenda kwa Koko? Siku tano nimekula mateke nisimtaje, na wewe umekwenda ukagonga mlango ukamwambia kombe lake limeua mtu?"

"Alikuwa akijua tangu Jumamosi."

"Alikuwa akidhani! Kudhani kuna mlango wa kutokea. Wewe umekwenda kuufunga." Alipiga ukuta kofi. "Bora ningepanda boti."

"Ungepanda boti, angekufa akidhani."

"Usiniambie habari za bibi yangu, polisi."

Hasnati alikuwa ametukanwa na watu wanne kwa siku mbili, na huyu ndiye aliyekuwa na haki zaidi. Alifungua mkoba, akatoa ile chupa. Ilikuwa imejaa, imepungua kijiko kimoja tu.

"Nilitia kijiko kizima katika ndoo ya maji matupu, mbele ya mashahidi," alisema. "Kipimo hakikusogea. Nimepiga simu dukani kwa jirani ya bibi yako saa saba, nikamtaka mwanamke wa mikate amwite. Nikamweleza mshale ulisimama wapi. Nikamsomea na neno la Tadjiddine, lote, mpaka saini."

Daoudou alimkazia jicho lake moja zima. "Alisemaje?"

"Alisema nimemchelewesha adhuhuri. Kisha akasema nikupe hii, na safari hii umalize."

Kijana aliichukua chupa. Aliinusa, akakunja uso kama paka aliyelamba ndimu. Akanywa nusu, akapumua, akatazama sakafu ya mahabusu, na buti za Hassane, na korido ndefu iliyokanyagwa na kila mwizi wa kisiwa. Akanywa nusu ya pili. Kisha akanyoosha mkono bila kumtazama Inspekta usoni.

"Maji," alisema.

Hasnati alimpa chupa yake mwenyewe ya maji ya kunywa. Daoudou alimimina kidogo katika kile kichupa, akakisuuza pande zote mpaka rangi ya manjano ikatoka kitakoni, na suuzo lile nalo akalinywa. Halafu akapita mlangoni, bega lake likamsukuma Hasnati kando, na akatoka kwenda kaburini kumsalia Ibouroi.